Kompyuta ya Sadaka

Siku ya tatu baada ya kumzika Baba mkubwa Shomari, tulibaki pale Mzenga sisi ndugu wanne na binti yake mkubwa, Siwema, tukila wali wa hitma uliobaki. Ilikuwa imepita miaka mingi hatujakaa mkeka mmoja. Kondo, anayenifuata, alikuwa amesafiri kutoka Tabora. Tatu alitoka Mlandizi, si mbali. Shabani, kitinda mimba wetu, alikuja na mke wake, nami bila kufikiri nikawa namkatia vipande vya nyama kama vile bado ana miaka sita. Siwema akaniangalia, akasema, "Dada Mwanaidi, baba alikuwa anasema wewe ulikuwa unamwogopa kuliko sisi watoto wake wa kuzaa. Akija Kibaha unasimama wima kama mgambo." Wakacheka. "Mwaka ule dada alikuwa anamwogopa kila mtu," Kondo akasema. "Muuza maji akibisha hodi, dada anakuwa mweupe." Tatu akamwambia mtu mweusi kama mimi hawezi kuwa mweupe, labda kijivu. Nikacheka nao. Lakini nilipokwenda kuosha sahani nilijikuta nimesimama tu, maji yanamwagika, kwa sababu hofu ile ilikuwa imenirudia kama ilivyokuwa. Jambo ambalo hakuna hata mmoja wao analijua vizuri ni kwamba mwaka ule sikumwogopa Baba mkubwa peke yake. Niliogopa kompyuta, na nyuma ya kompyuta ndiko alikokuwa amesimama Baba mkubwa.

Ya wazazi wetu siyasemi hapa. Inatosha kujua kwamba mwaka ule ulianza tukiwa tumebaki wanne. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimeiachia kidato cha pili. Kondo kumi na minne, Tatu kumi na mmoja, Shabani sita. Tulipanga chumba kimoja Kongowe, ile ya Kibaha, chumba chenye pazia la maua katikati: upande mmoja kitanda tulicholala mimi na Tatu na Shabani, upande wa pili godoro la Kondo, jiko la mkaa, ndoo mbili na sanduku la nguo. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Mchana chumba kilikuwa na joto la kupikia mkate. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba yoyote niliyoishi baadaye, kwa sababu kila nilipofunga mlango wake asubuhi nilikuwa nawaza kama jioni nitawakuta watu wote niliowaacha ndani.

Sababu ya kuwaza hivyo niliisikia kwa masikio yangu. Baada ya arobaini, wakubwa walikaa kikao pale pale Mzenga, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni nakuna nazi. Ukuta ule wa udongo ulikuwa na tundu. Nilimsikia shangazi wa Chole akisema, "Huyo wa kike nitamchukua mimi, anaweza kuteka maji." Baba mkubwa akasema, "Kondo aje kwangu, mikono anayo." Mtu akauliza, "Na huyu mdogo?" Shangazi akajibu, "Huyo atajulikana." Mpaka leo neno hilo likitamkwa hata kwa jambo la kawaida, atajulikana, mgongo wangu unasisimka. Niliweka mbuzi ya nazi chini, nikaingia barazani bila kuitwa, nikapiga magoti. Nikasema nina kazi Kibaha, nadarizi kwa mashine, naomba niachiwe wadogo zangu. Baba mkubwa akanigeukia. "Mashine ya nani?" akauliza. Nikasema ya tajiri yangu. "Mashine ya mwenzio haikulishi, mwanangu, inakuazima tu," akasema. Kisha akatoa hukumu: "Haya, kaa nao. Lakini siku kazi ikifa, nakuja kuwachukua. Na siku hiyo sitakuja kwa maneno."

Alikuwa anakuja bila taarifa. Alikuwa analeta mihogo, mkaa, wakati mwingine kuku, na akishaweka mzigo anakaa kwenye kigoda kimoja tulichokuwa nacho na kuzungusha macho: unga upo, sare za shule zimefuliwa, Shabani ana kikohozi. Mimi nilikuwa nasimama. Siku hizi namfikiria mzee yule tofauti, lakini wakati ule niliona tu mtu anayehesabu makosa yangu, na kila akiondoka nilikuwa nakaa chini kwenye sakafu.

Kazi yenyewe ilikuwa Maili Moja, katika duka la ushonaji la mama mmoja mjane tuliyemwita Mama Tumaini. Mbele kulikuwa na vyerehani vitatu vya kawaida na masweta yamening'inia. Chumba cha nyuma ndicho kilikuwa changu. Humo kulikuwa na mashine ya kudarizi, kubwa kama kitanda, yenye sindano kumi na mbili zilizopangwa kama meno, na pembeni yake kompyuta ya zamani iliyokuwa nyeupe ikageuka rangi ya siagi, na feni tuliyoielekeza kwenye kompyuta badala ya kuielekeza kwetu. Tulidarizi nembo za masweta ya shule. Shule kumi na moja zilileta masweta kwetu, na nembo ya kila shule, mwenge wake, kitabu chake, jembe lake, ilikuwa imechorwa ndani ya kompyuta ile kwa programu maalumu. Nilikuwa nafungua programu, nachagua shule, naiandika nembo kwenye disketi, nachomeka disketi kwenye mashine, nayo inashona. Kijana aliyezichora nembo zote alikwishahamia Dar es Salaam, lakini kabla hajaondoka alinifundisha wiki tatu. Alinifundisha cha kubonyeza. Maana ya nilichobonyeza hakunifundisha, wala mimi sikuuliza, nikiogopa kuonekana mtu aliyeacha shule. Nilivijua vitufe vile kama mtu anavyoijua njia ya kisimani gizani. Ukimsogezea jiwe moja tu, anaanguka.

Mwezi wa sita kompyuta ikaanza kujizima. Tunashona, kioo kinakuwa cheusi. Mama Tumaini alivumilia wiki mbili, kisha siku moja akaja na kompyuta mpya, nyeusi, nyembamba, na fundi wake. Fundi aliitwa Beni, kijana wa Mbezi mwenye maneno mengi, na alikuja kupiga windo. Mafundi wa mtaani wanaita hivyo mpaka leo, kupiga windo, wakimaanisha kuiwekea kompyuta mfumo wa kuiendesha, na Beni alisema anatuwekea ule mpya kabisa, ambao Kibaha nzima bado hawana. "Hii ya zamani mama itupe," alisema, "hata panya akiingia humo anazeeka." Mama Tumaini hakucheka. Alisema haitupi, anaipeleka kanisani kwao Kisarawe, usharika wa marehemu mume wake, maana Jumapili ni sikukuu ya mavuno na wasiovuna shambani wanatoa walichonacho. Akanigeukia. "Binti, mpaka Jumamosi uwe umehamisha vitu vyetu vyote."

Jumamosi nikahamisha. Kwenye kioo cha kompyuta ya zamani kulikuwa na picha ndogo kumi na mbili, moja ya programu na kumi na moja za shule, kila moja na jina lake chini. Miaka yote nilikuwa nabonyeza picha hizo na nembo inafunguka. Nikazinakili zote kumi na mbili kwenye disketi. Zilihama kufumba na kufumbua, na disketi haikujaa hata robo. Niliona ajabu, nikafurahi, nikadhani ni wepesi wangu. Nyuma ya kompyuta kulikuwa na kidude cha kijivu, kidogo kama kiberiti, kimefungwa kwa skrubu mbili. Nilikifungua nijaribu kukihamishia kwenye kompyuta mpya, nikaona haina tundu la kukipokea, nikakitupa kwenye droo ya sindano. Mama Tumaini aliponiuliza, nilimjibu kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi: "Nimehamisha kila kitu, mama." Wakaifunga kompyuta kwa shuka, ikapakiwa kwenye gari na ndizi za watu wengine, ikaenda Kisarawe.

Jumatatu asubuhi nikazitia picha zangu kwenye kompyuta mpya, nikabonyeza ya shule ya kwanza. Kikatokea kisanduku chenye maneno ya Kiingereza. Nikabonyeza ya pili, kisanduku kile kile. Nikabonyeza zote kumi na mbili. Nilikuwa na kamusi ndogo ya Kondo kwenye mfuko, nilikuwa naiazima kwa ajili ya maandishi ya mashine, nikatafuta neno baada ya neno: kitu kinachotafutwa hakionekani. Kule mbele nilimsikia Mama Tumaini akiongea kwa simu na mwalimu mkuu wa shule moja. "Ijumaa, mwalimu, usiwe na wasiwasi. Watoto wakifungua Jumatatu wanavaa. Mashine ipo, mtu wangu yupo." Mtu wangu ndiye mimi. Nilichukua kitambaa nikaanza kuifuta mashine, sindano moja moja, na nikaifuta mpaka jioni. Aliponichungulia nilisema inahitaji mafuta.

Nyumbani Tatu alikuwa amepika ugali na matembele. Nilikula matonge mawili nikasema nimeshiba. Shabani akauliza kama anaweza kumaliza sahani yangu, akaimaliza, akalamba vidole, na nilipokuwa namtazama nilijisikia kama mtu aliyewasha moto ndani ya nyumba ya watu na bado hawajanusa moshi.

Jumanne nikampigia Beni kwa simu ya dukani, nikamwomba aje saa ambayo Mama Tumaini huenda benki. Alikuja, akakaa, akabonyeza mara mbili tatu, akaanza kucheka, kisha akaniona uso wangu akaacha. "Dada, umeng'oa kibao cha nyumba ukaja nacho," alisema. "Nyumba yenyewe umeiacha kule. Hizi picha ni za kuelekeza njia tu." Nikamwambia basi aiweke programu upya. Akaniuliza ziko wapi disketi zake za mwanzo. Hazikuwepo, kijana wa kwanza hakuziacha. "Na hata zingekuwepo," Beni akasema, sasa kwa sauti ya chini, "hii windo mpya isingeikubali programu ile. Imetengenezwa kwa mfumo wa zamani. Ni kama uchukue gurudumu la mashine ya kusaga ya mwaka arobaini na saba ulifunge kwenye pikipiki. Unaweza kununua programu mpya, lakini kwa bei yake mama atanunua mashine nyingine. Ile kompyuta nzee iko wapi?" Nikamwambia imeshatolewa sadaka. Beni alishika kichwa. "Sadaka," alisema. "Basi aliyebaki wa kumuuliza ni Mungu." Nilimsihi asimwambie tajiri yangu. "Mimi si mmbea," akanijibu akifunga begi. "Ila mwambie wewe, dada, kabla mashine haijamwambia."

Sikumwambia Jumanne. Jumatano nilimwambia saa nne, baada ya kwenda chooni mara tatu. Nilisema yote nikiwa nimetazama sakafu: picha, nyumba, mfumo mpya, uongo wa mafuta. Mama Tumaini alikuwa anashona vifungo. Hakuacha kushona. Alimaliza kifungo, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema. "Unajua pale Kisarawe vitu vya sadaka vinafanywaje?" Nikasema sijui, mimi ni Mwislamu. "Vinanadiwa. Ibada ikiisha, watu wanasimama nje, kuku, mihogo, mbuzi, kila kitu kinapigiwa mnada, na fedha inakwenda madhabahuni. Kompyuta alikuja kuinunua mwalimu mmoja mstaafu, Mwalimu Yohana. Nilikuwepo, nilipiga makofi." Akachukua kifungo kingine. "Mimi siwezi kwenda kumwambia anirudishie nilichompa Mungu mbele ya usharika mzima. Kwenda utakwenda wewe. Na ukirudi mikono mitupu, usipite hapa dukani. Pitiliza."

Nilifika Kisarawe Alhamisi asubuhi baada ya kubadilisha magari mara tatu. Njiani sikuona kitu, nilikuwa nahesabu: leo Alhamisi, kesho Ijumaa, kazi ikifa, Kondo Mzenga, Tatu Chole, Shabani atajulikana. Nyumba ya Mwalimu Yohana nilionyeshwa na mtoto wa kwanza niliyemuuliza. Ilikuwa nyumba ya bati yenye ukuta uliopakwa chokaa mpaka kwenye mashina ya mipapai. Sebuleni, juu ya meza yake peke yake, kompyuta yetu ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya watu wa zamani, na juu ya kitambaa kulikuwa na chupa ya maua ya plastiki. Nilimwamkia, nikaeleza. Mwalimu alisikiliza akiwa amefumba macho. "Sadaka hairudi, binti," akasema. "Hata kuku aliyenunuliwa mnadani, akitoroka akarudi kwa mwenyewe, anabebwa anapelekwa kwa aliyemnunua. Mwaka juzi ilitokea hapa hapa." Nikasema, "Sikuja kuichukua, Mwalimu. Nimekuja kuomba niitumie hapo hapo ilipo." Akafumbua macho. "Umeiwahi. Jumamosi kuna fundi anakuja kuifuta aweke huo mfumo mpya. Mimi tangu niilete sijaitumia. Nilipoiwasha niliona majina ya shule za watu, nikaona nisishike vya watu."

Sikuwahi kufurahi hivyo maishani, na furaha ile ilidumu kama dakika nne. Kompyuta iliwaka. Picha zote kumi na mbili zilikuwa mahali pake. Nikabonyeza. Kisanduku kikatokea. Mwalimu alivaa miwani, akasoma kwanza kwa Kiingereza taratibu, kama anasomea darasa, kisha akatafsiri: "Inasema ufunguo haujaonekana." Ufunguo gani? Mke wake, aliyekuwa akituletea viazi vitamu na chai, alisema labda wa kabati, kuna funguo zimebaki. Tulicheka kidogo, mimi machozi yakiwa karibu. Nikazunguka nyuma ya kompyuta, nikaona tundu lenye alama mbili za skrubu, safi, mahali pengine pote pana vumbi. Kidude cha kijivu. Hicho ndicho kilikuwa ufunguo wa programu, bila chenyewe haifunguki, na mimi kwa mkono wangu nilikuwa nimekitupa kwenye droo ya sindano Kibaha. Nilikaa kwenye kiti cha Mwalimu, nikarudisha kiazi kwenye sahani. "Kesho nitarudi," nikamwambia. "Tafadhali fundi asije kabla yangu." Akanijibu kwamba yeye alifundisha miaka thelathini na saba na hajawahi kuona mwanafunzi anayeomba darasa lisifutwe.

Niliingia dukani saa tisa na mikono mitupu. Niliambiwa nipitilize, lakini kidude kilikuwa ndani. Mama Tumaini aliniona, akaacha cherehani. Nilipita mbele yake, nikaingia chumba cha nyuma, nikafungua droo, nikachukua kidude na disketi mbili, nikazifunga kwenye pindo la khanga. "Naomba kesho asubuhi, mama," nikasema mlangoni. "Kesho ni Ijumaa," akasema. "Najua." Alinitazama, kisha akarudi kwenye cherehani na kuanza kukanyaga, na mimi nikaondoka kabla hajabadili mawazo. Sijui kama aliniruhusu au hakunikataza tu.

Ijumaa nilifika kwa Mwalimu wakiwa bado wanakunywa uji. Nilifunga kidude kwa skrubu zake mbili, Mwalimu akinishikia tochi. Programu ikafunguka. Nembo zilikuwepo zote, kumi na moja. Nikaziandika kwenye disketi, nembo moja baada ya nyingine, nikasubiri kila moja ikigugumia, na kompyuta ilijizima mara mbili katikati, na mara zote mbili Mwalimu alisema "Subira" kwa sauti ya mtu ambaye naye imemwishia. Nilipomaliza disketi ya kwanza niliandika ya pili vilevile, kwa sababu disketi zilikuwa zinakufa bila kuugua. Kidude nilikiacha pale pale, mahali pake.

Nilipofika Maili Moja ilikuwa imepita saa nane. Nje ya duka, kwenye benchi la wateja, walikaa Kondo, Tatu na Shabani, wamevaa nguo safi, na miguuni mwao kulikuwa na mzigo umefungwa kwa shuka letu la kitanda. Nililijua shuka kabla sijawajua watu. Tatu alikuwa amelia, Kondo ametazama pembeni. Baba mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na bakora yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, Baba mkubwa." "Marahaba," akasema. "Nimefika kwenu asubuhi. Mwenye nyumba ananiambia amesikia siku mbili hizi mashine imekufa, na wewe unaonekana njiani tu kama kuku asiye na banda. Nimepita kukuaga." Nilijua nikifungua mdomo nitalia, na kulia kungekuwa jibu. Nilipita katikati yao nikaingia chumba cha nyuma, nao wakaingia nyuma yangu, Mama Tumaini wa mwisho.

Nilichomeka disketi ya kwanza kwenye mashine. Ikasaga, ikasaga, taa nyekundu ikawaka. Haikusoma. Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Taa nyekundu. Nilifungua pindo la khanga, nikatoa ya pili, na kabla sijaichomeka nilimwona Shabani ameshika pembe ya sweta lililowekwa kwenye fremu, analichezea, na nilitaka kumwambia aliache nikashindwa. Nikachomeka. Ikasaga muda ambao mpaka leo siwezi kuupima. Taa ya kijani. Nikabonyeza, na sindano zikaanza kushuka.

Baba mkubwa alikuja akasimama karibu na mashine, karibu mno, mpaka nikaogopa sindano zitashika kanzu yake. Mwenge ulianza kutokea kwenye kitambaa, nyekundu, kisha njano ya moto. Aliutazama kama dakika nzima. "Inashona yenyewe," akasema. "Sasa kazi yako wewe ni ipi?" Nikasema, "Kuitazama isikosee." "Na ikikosea?" Uzi wa njano ukakatika. Mashine ikasimama, ikalia kile kilio chake. Niliinama, nikaupitisha uzi upya kwenye matundu yake saba mpaka kwenye sindano, nikairudisha nyuma mishono michache ili pasibaki pengo, nikaiwasha. Nembo ilipokwisha nilikata nyuzi, nikageuza sweta, nikampa. Alipapasa mishono kwa kidole gumba, mbele na nyuma. Mama Tumaini akasema kutoka mlangoni, "Mzee, huyu binti nina kazi naye mpaka Jumapili. Kama ni kuaga, ageni haraka." Alikwisha kuongea na mwalimu mkuu, masweta yangepokelewa Jumapili jioni. Baba mkubwa alimpa Tatu sweta akasema alikunje vizuri. Kisha akamwambia Kondo, "Beba huo mzigo urudishe nyumbani. Na mimi nitalala huko, gari limeshaniacha."

Kuanzia siku ile mpaka mwaka ulipokwisha nilikuwa nakwenda Kisarawe kila baada ya wiki mbili, kwa sababu shule zilikuwa zinaongezeka, na nembo mpya, nilizojifunza kuzichora mwenyewe kidogo kidogo, hazikuwa na pengine pa kuchorwa. Mwalimu Yohana alimwahirisha fundi wake mara tatu, mwisho akaacha kumwahirisha, akamkataa. Kila nilipowasha kompyuta ile niliogopa, na ile mpya ya Kibaha tuliitumia kuandikia barua. Watu wananiuliza siku hizi, kwa kuwa nina duka langu na mashine mbili, kwa nini sikubali haraka mfumo mpya ukija. Nakubali. Ila kwanza naiwasha ya zamani na kuiuliza vitu vyangu viko wapi hasa, na nasubiri nione nyumba, si kibao.

Lakini Jumamosi ile asubuhi, baada ya kulala kwetu, Baba mkubwa alikunywa uji kwenye kigoda chetu, Tatu akimmiminia. Mimi nilikuwa nimesimama, nimeshavaa kwenda kazini. Aliwaambia watoto wakacheze nje. Alipobaki na mimi alianza kufunga kamba za viatu, na akaongea akiwa ameinama, kwa hiyo uso wake sikuuona. "Kule Mzenga nina vyumba viwili na watoto saba," akasema. "Jana njiani, tangu Mlandizi, nilikuwa naomba nikukute unafanya kazi. Nilikuwa sijui nitamlaza wapi huyu mdogo." Nikamwuliza mbona hakuniambia hivyo miezi yote ile. Akavuta kamba, akaifunga fundo mara mbili. "Ningekuambia, ungelegea," akasema. Kisha akasimama, akachukua bakora, akauliza gari la kwanza la Mlandizi linapita saa ngapi.